Tulipe kipimo, tusilipe gazi ya bure

Mwezi wa kumi umefika, joto iko inapika malata, na mu maavenue ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi lalamiko ni lile lile: klimatizeri inawaka, inatoa baridi kwa nusu saa, kisha vantilateri ya sanduku la inje inasimama. Mu chumba hewa inakuwa ya vuguvugu. Kisha muda kidogo, bila mtu kuigusa, pali zinaanza kuzunguka tena. Kesho yake ni vile vile. Mwenye nyumba anaita frigoristi. Frigoristi anagusa bomba na mkono, anatikisa kichwa: "Papa, ni gazi njo imeisha. Tutatia paka kidogo, itakuwa muzuri." Analipwa, anaenda. Kisha juma mbili anaitwa tena.

Miye nasema ile franga tunaitupa. Na kosa si ya frigoristi peke yake. Siye wenye manyumba tunakubali kulipa gazi sababu tunaona chupa, tunasikia inapuliza, tunaona kama kazi imefanyika. Lakini kijana akija na kaaparei kake ka kupima, akae saa nzima mbele ya mashine, kisha aseme "mutanilipa juu ya kupima, sijabadilisha kitu," tunamufukuza kama mwizi. Basi anajifunza. Kesho atakuja na chupa.

Tuelewane kwanza juu ya ile mashine. Iko na sanduku mbili. Ya ndani inakamata joto ya chumba, gazi inaibeba mu mabomba, ya inje inaitupa. Vantilateri ya inje iko na kazi moja tu, kupitisha hewa mu radiateri ili joto itoke. Ikisimama na kompreseri iendelee kusukuma, joto haina njia. Presio inapanda, kompreseri inachemka, mwisho kinga yake inaikata nayo. Hapo mtu wa ndani anasema "haitoe tena baridi," na ni kweli, lakini gazi ingali yote mule. Ukiongeza ingine, presio inapanda zaidi, na siku vantilateri itasimama tena, kompreseri itakufa mbio kuliko mbele. Kompreseri ikikufa, watu wengi wanaona ni heri kununua mashine mpya.

Gazi si esansi ya gari. Haiteketei. Inazunguka mu mabomba yaliyofungwa miaka na miaka. Kama imepunguka, kuko tundu, na tundu inatafutwa kwa povu ya sabuni ku maungio, inazibwa, njo kisha gazi inatiwa. Na ile gazi ya mashine mingi ya sasa, R410A, inatiwa kwa uzito, chupa iko juu ya kilo, kufwatana na gramu zilizoandikwa ku sanduku. Mwenye kuongeza kila mwaka bila kutafuta tundu anauza maji mu kitunga.

Mtu wa mungoti anapaswa kuelewa jambo hili kupita wengine. Mu chini, ikiwa ni Kipushi ao Kamoto, vantilateri ya galeri ikisimama hakuna anayeendelea kutoboa. Watu wanarudi fasi kwenye kuwa hewa nzuri. Elektrisie anashuka, anakuta relayi ya joto imekata. Kama anajua kazi, hafinyi butoni na kwenda. Anatia kadena yake, anapima ampea za fazi tatu, anatazama kama fazi moja imepotea, kama rulma imekaza, kama mfuko wa hewa umezibwa mbele. Relayi ilikata juu ya kuokoa moteri, na anataka kujua ilikuwa inaiokoa na nini. Akifinya butoni mara tatu bila kutafuta, moteri itaungua, na shefu atamuuliza mbele ya wote. Sasa mtu yule yule akifika ku nyumba, mashine yake mwenyewe inakata mara kumi kwa siku, anasema: "Iko inarudi yenyewe, tuache."

Moteri ndogo ya klimatizeri nayo iko na relayi yake, imefichwa mu nyuzi za shaba ndani. Ikichemka kupita kiasi inajikata, ikipoa inajiunga. Ni sababu hiyo inasimama na kurudi bila mtu. Kule kusimama ni homa. Ugonjwa uko fasi ingine, na lazima kuutafuta.

Watu wengine watacheka: kuko mambo makubwa mu inchi, na wewe unatuandikia juu ya klimatizeri? Ndiyo. Mwenye posti ya usiku anarudi asubui, analala muchana, chini ya malata, mwezi wa kumi, mbele ya mvua. Kama chumba kimekuwa furu, halali. Na asiyelala anarudi usiku ku usukani wa kamyo ya tani makumi, ao mbele ya mashine ya kutoboa. Mwenye kusema klimatizeri ni anasa ya watajiri, alale siku tatu muchana mu chumba cha malata, kisha tuzungumuze.

Wa kwanza wa kuulizwa si frigoristi. Ni mama mwenye kushinda mu nyumba. Yeye njo anajua saa. Achukue kaye ya mutoto iliyobakia na kurasa, aandike juma moja: imesimama saa ngapi, imerudi saa ngapi, inje kulikuwa namna gani, kompreseri ilikuwa inanguruma ao la. Ile kaye iko na bei kupita chupa ya gazi. Kama inasimama paka toka saa kumi na mbili ya magaribi mpaka saa ine ya usiku, wakati avenue nzima inapika na kuwasha televizyo, tazameni volti. Kama inasimama muchana kati, jua juu ya sanduku, tazameni vumbi, rulma na kondansateri. Kama inasimama wakati wowote, na kurudi mtu akigonga sanduku ao upepo ukivuma, kuko waya imelegea ao imeungua ku kiungio. Na kama inanguruma bila kuzunguka tangu mwanzo, kwa kawaida ni kondansateri ao rulma.

Lakini kuko kusimama kwa halali, na watu wanalipia hata huko. Mukiandika 24 ku telekomandi, na chumba kikifika 24, kompreseri na vantilateri ya inje zinapumzika. Kisha kukata, mashine nyingi zinangoja kama dakika tatu mbele ya kurudi, zimetengenezwa vile. Na kuko ile butoni yenye picha ya tone la maji, watoto wanapenda kuifinya: inatia mashine mu kazi ya kukausha hewa, na hapo vantilateri ya ndani inapunguza mbio ao inasimama-simama. Hakuna kilichoharibika. Rudisheni ku picha ya teluji.

Sasa kondansateri. Ni kile kikopo ao kasanduku keusi kanakosaidia moteri kuanza na kuzunguka vizuri. Ya vantilateri ya inje ni ndogo, mara nyingi kati ya mikrofaradi 1,5 na 4. Ya kompreseri ni kubwa, 25, 35, hata 50. Mu joto inachakaa pole pole. Ku mwili wake wameandika, tuseme 2,5, na alama ya kusema inaweza kupita ao kupunguka kwa 5 juu ya 100. Frigoristi akipima na kukuta 1,6, imekwisha, hata kama haikuvimba. Moteri inazunguka bila nguvu, inachemka, inajikata. Bei ya kondansateri ile ni ndogo sana kupita kujaza gazi, na kuibadilisha ni kazi ya dakika. Miye naamini hapa njo franga mingi ya familia zetu inapotea: mtu anatiwa gazi mara mbili, tatu, kumbe ni kakopo kale.

Musikaifungue ninyi wenyewe. Ile kitu inachunga kuran hata kisha kuchomoa priz, na inaweza kumurusha mtu. Fundi anajua namna ya kuitoa kuran kwanza. Na mutu asisukume pali kwa kidole ao kijiti wakati mashine iko ku kuran. Kuko vijana wanaofanya vile mbele ya watoto, wanaonyesha kama ni maajabu. Moteri ikianza kwa gafula, kidole kinaenda. Lile mama ao papa anaweza kufanya bila hatari ni hili: kuzima, kukata dijonkteri, kungoja, kisha kusukuma pali na kijiti kirefu kupitia kioni. Zikizunguka laini na kupunguza pole pole, rulma ni nzima. Zikikaza ao kusaga, moteri ndiyo mgonjwa, na hapo kubadilisha ni haki.

Vumbi, siongei mingi. Toka mwezi wa tano hakuna mvua, makamyo yanapita, bulongo nyekundu inajaza radiateri mpaka hewa haipite. Kuosha na maji ya kawaida, bila presio ya nguvu inayokunja mabati yake, kuran ikiwa imekatwa, ni kazi ya mwezi wa tisa, mbele ya joto kufika. Vichujio vya ndani muvioshe kila juma mbili. Na mufungulie frigoristi atazame kama sisimizi na mijusi hawajaingia ku relayi. Wanapenda joto ile, wanakufia mule, na relayi inaanza kufanya kazi inavyotaka.

Volti njo neno kubwa. Tunajua historia yetu. Mabaraji ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yalijengwa juu ya mungoti. Hata ile laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, zaidi ya kilometa 1.700, ilivutwa juu ya mungoti. Cité inakula kinachobakia. Kwa hiyo usiku tunapata volti 170 fasi ya 220. Watu wanafikiri kama volti zimepunguka kwa robo, nguvu nayo imepunguka kwa robo. Hapana. Nguvu ya moteri za namna hii inashuka mbio zaidi: ku volti 170 inabakia kama 60 juu ya 100. Vantilateri inazunguka kama mutu mwenye njaa, kompreseri nayo inavuta ampea kupita kawaida. Zote mbili zinachemka. Zote mbili zinajikata.

Jirani mmoja wa avenue yetu alitiwa gazi mara tatu mu musimu mumoja. Mwisho kijana mmoja mwenye multimetri akapima ku sanduku la inje, mashine ikiwa inatembea: asubui 212, saa mbili ya usiku 168. Hakugusa kitu. Alisema tu musiiwashe mbele ya saa ine ya usiku mpaka mutakapobadilisha kamba. Na jirani akakataa kumulipa!

Kamba, ndiyo. Watu wanasema: "Volti ni ya wenye kuran, siye tutafanya nini?" Ni kweli nusu. Nusu ingine iko mu lupangu. Tuhesabu pamoja. Waya ya shaba ya milimeta 1,5 ya mraba iko na kama omu 12 kwa kilometa moja. Nyumba iko meta 60 toka ku poto. Kuran inaenda na kurudi, ni meta 120, karibu omu 1,45. Klimatizeri moja ikivuta ampea 6, mnapoteza volti 9 hivi njiani. Si mingi. Lakini mu lupangu yetu nyumba tatu zinavuta ku kamba ileile, na rešo moja ya kupikia, jumla inapita ampea 15: hapo ni volti 22 zinazopotea mu waya, zinaigeuza moto. Na kompreseri ikianza, kwa kamuda kafupi inavuta ampea mara ine ao tano ya kawaida yake, basi zote zinaanguka pamoja. Mutie waya ya milimeta 4, ile hasara ya ampea 15 inashuka mpaka karibu volti 8. Hakuna mu-inje aliyetuibia volti zile zingine. Tuliziacha mu waya nyembamba.

Na hii inaniuma kupita yote. Siye ni wana wa shaba. Hata jimbo letu lote liliitwa Shaba, toka 1971 mpaka 1997. Shaba inatoka hapa kwa makamyo muchana na usiku, na mu manyumba yetu tunavuta klimatizeri ku waya ya kitoto. Mbaya zaidi, ku soko kuko waya wanauza kama ni shaba, kumbe ndani ni aluminyumu wamepaka shaba juu kidogo. Mutu aliyefanya miaka makumi ku mungoti anainunua bila kuikwaruza! Chukueni kisu, kwaruzeni kidogo ku mwisho: ikionekana nyeupe ndani, muirudishe. Waya ile inapoteza volti kupita shaba, na ku maungio inachemka.

Wengi wanakimbilia stabilizateri. Sikatai, lakini kuko jambo wauzaji hawasemi. Stabilizateri haizae kuran. Ku volti 170, juu ya kukupatia 220 inavuta ampea zaidi ku kamba. Kamba ikiwa nyembamba, volti za jirani zinashuka tena. Jirani naye ananunua yake. Nyumba ya tatu inanunua. Mwisho kila mutu iko na sanduku linalolia "tak, tak" usiku kucha, na mu lupangu nzima hakuna volti. Na ile ndogo ya VA 1.000, haiwezi kubeba klimatizeri ya 12.000, hata wakiandika nini ku karto. Miye naona heri nyumba tatu ziunge franga, zinunue kamba moja nene ya shaba ya kweli toka ku poto, elektrisie aifunge vizuri. Kisha kila mmoja atie protekteri, kale kasanduku kanakokata volti zikishuka sana na kungoja dakika chache mbele ya kurudisha. Kale hakaongeze volti, lakini kanaokoa kompreseri wakati kuran inaenda-inarudi.

Kama kipimo kinaonyesha volti ziko chini hata ku poto, hapo ni neno ya transfo ya kartie. Basi kaye ile ya mama inakuwa karatasi ya kupeleka ku biro ya umeme, na majina ya wenye manyumba yote ya avenue chini yake. Mutu mumoja akienda kusema "kuran ni mbaya" atarudishwa. Manyumba makumi mbili na saa na volti za siku saba, ni vigumu kuwarudisha mikono mitupu.

Mwenye mashine ya inverter ajue yake ni tofauti: mara nyingi vantilateri yake haina kondansateri ile, inabadilisha mbio yenyewe, na ikigonjwa inaonyesha namba ya kosa mbele. Aandike namba mbele ya kuzima.

Narudi ku frigoristi, sababu wengi wao ni watoto wetu. Kijana aliyejifunza kazi vizuri iko na manometri, multimetri yenye kupima mikrofaradi, na pensi ya kupima ampea. Vile vyombo alinunua na franga yake. Tukimulipa paka wakati ametia kitu, tunamufundisha kutia kitu. Mimi napendekeza ku mulango, mbele ya kufungua koridoro, kumuambia: "Mwana, tunakulipa kipimo. Utupimie volti ku sanduku la inje mashine ikiwa inatembea, ampea za kompreseri, mikrofaradi za kondansateri zote mbili, utuandikie ku kaye. Kisha tutaongea juu ya vipande." Mupatane bei ya ile kazi peke yake. Akikataa kuandika, mwiteni mwingine. Akiandika, mulipeni hata kama hakubadilisha kitu, na muchunge ile karatasi, sababu mwaka ujao itaonyesha kama kitu kimeshuka.

Na mama akiona pali za inje zimesimama, lakini kompreseri ingali inanguruma, asingoje bwana arudi toka ku posti. Akamate telekomandi, azime, aandike saa mu kaye, aache moteri ipoe.